Wiski Ikishafunguliwa, Inywewe

Wako wanaoamini kwamba wiski ikikaa kabatini miaka mingi inazidi kuwa tamu. Mimi nakataa, na chupa kuukuu ya White Horse, wiski ya Scotland, niliyoonjeshwa na rafiki yangu imenithibitishia. Ilifunguliwa zamani, ikawa inatolewa kwa wageni wa heshima tu, hadi ikabaki robo.

Wiski ya Scotland hukomaa ndani ya pipa la mwaloni, kwa sheria si chini ya miaka 3. Ikishatiwa chupani, kukomaa kumekwisha. Ya miaka 12 itabaki ya miaka 12 hata wakiirithi wajukuu. Chupa ikifunguliwa kinachoingia ni hewa, na kadiri kinywaji kinavyopungua ndivyo hewa inavyopata nafasi ya kukichakaza. Kilevi nacho hutoroka taratibu, hasa kifuniko kikilegea.

White Horse ni mchanganyiko wa wiski za kimea, yaani shayiri iliyooteshwa, na wiski ya nafaka nyingine. Miongoni mwa za kimea, inayosifika zaidi ni Lagavulin ya kisiwa cha Islay, ambako kimea hukaushwa kwa moshi wa mboji, yaani udongo wa mimea iliyooza unaochimbwa na kuchomwa kama kuni. Moshi huo ndio niliokuwa nautafuta. Nilipoinusa glasi, kilichonipokea ni harufu ya karatasi iliyolowa. Nikaiacha itulie, nikanusa tena: asali, kisha ganda la chungwa lililokauka. Funda la kwanza lilipita ulimini bila ukali wowote. Nikadondoshea maji kidogo, na hapo moshi ukajitokeza kooni baada ya kumeza, hafifu mno, ukapotea.

Mwenyeji wangu aliusifu ulaini ule. Kwangu mimi ulaini wa namna hiyo ni upungufu: nguvu imeondoka pamoja na moshi. Lakini ile asali iliyosalia inaonyesha jinsi waliochanganya walivyoijua kazi yao, na ndiyo maana iliniuma. Hiki kilikuwa kinywaji kizuri kweli.

Kwa hiyo, mwenye chupa aisimamishe. Asiilaze kama mvinyo, maana kilevi hula kizibo cha gome. White Horse wenyewe walianza kutumia vifuniko vya kuzungusha mwaka 1926. Aiweke mbali na jua. Ikifika nusu, aihamishie kwenye chupa ndogo ijae hadi shingoni, au aite watu waimalize.