Njia Nane Zinaishia Kibaha

Jumamosi tulimzika mama mkubwa Morogoro. Niseme vizuri: walimzika. Mimi saa hiyo nilikuwa Mlandizi, siti ya dirishani, natazama matawi ya miti yaliyopangwa kwenye lami nyuma ya lori lililokufa katikati ya njia.

Wala haikuwa ajali, jamani. Lori limekatika springi tu. Lakini ukishaivuka Kibaha zinabaki njia mbili, ya kwenda na ya kurudi, na humo humo tunabanana wote: basi la Mbeya, basi la Arusha linalokwenda kukata kulia Chalinze, matela ya Zambia na Kongo, bodaboda na tenga lake la kuku. Kimoja kikifa, tumekufa wote. Wenye haraka zao wakaanza kutanua. Wakakutana uso kwa uso na watanuaji wenzao waliotoka Chalinze. Basi, ikafunga pande zote, hata trafiki aliyekuja na pikipiki akaishia kununua maji na kusimama kivulini.

Kimara hadi Kibaha pazuri, nakubali, shingo upande. Njia nane, kilomita 19.2, konda anapata hadi usingizi. Mwaka 2017 watu wa Kimara mpaka Kiluvya walivunjiwa nyumba kupisha barabara, na machozi yale angalau yalizaa lami. Ila nani kawaambia safari zetu zinaishia Kibaha? Yenyewe inaitwa Barabara ya Morogoro!

"Si ungepanda treni," binamu yangu ananiambia. Haya, tangu 2024 SGR inakufikisha Moro chini ya saa mbili, sibishi. Msiba lakini haukati tiketi mapema. Halafu treni inapita Soga, Ruvu, Ngerengere. Mkazi wa Chalinze ataipungia mkono akiwa wapi?

Sasa tunaahidiwa barabara ya haraka ya kulipia. Sawa. Mwenye nacho atalipa, na Hiace ya Mlandizi itabaki na matawi yake.

Nilifika saa kumi na mbili jioni. Viti vya kukodi vilikuwa vinapakiwa kwenye kirikuu, udongo wa kaburi umeshamwagiwa maji. Mama mdogo hakuniuliza kulikoni.

"Pole ya safari, mwanangu. Mlandizi?"

Nikaitikia kwa kichwa.