Tanga na Ndoto ya Ghorofa Hamsini

Kwenye baraza za Ngamiani siku hizi hukosi mtu wa kuuliza: Dar es Salaam ina minara yake, Dodoma inajengwa, Tanga yenye bandari na bomba la mafuta la Chongoleani itabaki na vighorofa vya enzi za Mjerumani mpaka lini? Wanaouliza hivyo wanataka serikali itujengee jengo refu kabisa, la ghorofa hamsini hivi, ili dunia ijue kwamba mji umeamka. Nalichukulia wazo hilo kwa uzito. Mji ulioishi kwa mkonge, kisha ukaona mkonge unaanguka na viwanda vinafungwa, una haki ya kutamani makubwa. Ila fedha inayotajwa ni ya umma, na hapo ndipo ninaposita.

Wanaounga mkono wana mifano ya kweli. Jengo la mikutano la KICC la Nairobi lilikamilika 1973, na mwaka huohuo Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa zikafanyia humo mkutano wao wa mwaka. Hadi leo linapokea mikutano, na picha yake imo kwenye noti za Kenya zilizotolewa 2019. Jengo la aina hiyo huupa mji sura, na sura nayo huleta wageni.

Mfano ulio na nguvu zaidi kwangu ni Singapore. Huko shirika la nyumba la serikali lilijenga Pinnacle@Duxton, majengo saba ya ghorofa 50 yenye nyumba 1,848, yaliyokamilika 2009. Humo wanaishi raia wa kawaida. Lakini Singapore ni kisiwa cha watu milioni sita hivi kwenye eneo lisilofika kilomita za mraba 800. Kule ardhi ndiyo iliyowalazimisha kupanda juu. Jiji la Tanga, kwa sensa ya 2022, halikufikisha watu laki nne, na ukitoka Chumbageni kuelekea Pongwe utaona wazi kwamba hakuna kinachotulazimisha.

Jengo likizidi urefu fulani, gharama haipandi kwa kadiri ya ghorofa tu. Lifti zinaongezeka na kula nafasi ambayo ingepangishwa, nguzo zinanenepa ili kukabili upepo, maji yanasukumwa kwa pampu hatua kwa hatua, na moto ukiwaka juu ngazi za magari ya zimamoto hazifiki. Halafu kuna urefu wa sifa tupu: Burj Khalifa ya Dubai ina mita 828, na karibu mita 244 za juu hakai mtu.

Misri imejenga mnara wa karibu mita 394 katika mji wake mpya wa serikali, mrefu kuliko yote Afrika, ndani ya eneo la biashara lililogharamiwa kwa sehemu kubwa na mikopo ya benki za China. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa chini ya pauni 16 za Misri. Baada ya Machi 2024 ikavuka 45. Deni la fedha za kigeni halisubiri sarafu yako ipate nafuu. Hapa kwetu umma huingia kwenye maghorofa zaidi kupitia mifuko ya hifadhi ya jamii, kama ilivyokuwa kwa minara ya PSPF, mfuko wa zamani wa pensheni za watumishi wa umma, katikati ya Dar es Salaam. Kila ghorofa inayokosa mpangaji ni mchango wa mwalimu au nesi unaolala bila kuzaa.

Na matunzo je? Beit el Ajaib ya Zanzibar ilijengwa 1883 na Sultan Barghash kwa ajili ya fahari, ikawa jengo kubwa kuliko yote pwani hii. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka wakati wa ukarabati na kuua watu wawili. Jengo hilo lina ghorofa chache tu, nalo limetushinda.

Mimi naona Tanga imeinuka kwa fedha zisizoonekana kwa macho. Zamani meli zilitia nanga mbali na mizigo ikashushwa kwa matishari, kazi ya gharama na ya kuchelewesha. Mradi wa shilingi bilioni 429.1 umeongeza kina hadi mita 13 na kuboresha gati mbili zenye jumla ya mita 450, na meli sasa zinafunga gatini. Mwaka 2024 Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, nayo iliomba shilingi bilioni 53.12 kwa hatifungani ya kijani, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji wa kugharamia miradi ya maji, wawekezaji wakaleta zaidi ya hapo. Watu walitoa akiba zao kwa ajili ya mabomba ya chini ya ardhi, kwa sababu ankara za maji zinalipwa kila mwezi.

Atakayekuja na ramani ya ghorofa hamsini aje pia na mikataba ya wapangaji iliyosainiwa, gharama za lifti na pampu kwa miaka 20, na aseme nani atabeba deni shilingi ikishuka. Vikikosekana hivyo, ningependa fedha hiyo ijenge nyumba za ghorofa nne au tano karibu na bandari kwa vibarua na makarani wake, nyumba ambazo mafundi wa hapahapa Tanga wanaweza kuzijenga na kuzikarabati wenyewe.