Usinilipe kwa kuni

Nikifika getini, hata mti wenyewe sijauona, mlinzi huniuliza: "Fundi, sasa wewe utatulipa ngapi?" Simlaumu. Nairobi tumezoea hivyo. Mkata miti anakuja, anapima unene wa shina kwa macho, anapiga hesabu ya kuni na mbao kimoyomoyo, kisha anakubali kukata kwa bei ya kutupa, au bure kabisa. Mwenye nyumba anafurahi kwamba hela yake imebaki mfukoni.

Lakini mtu anayelipwa kwa kuni atahangaika na fito za nini? Tawi bovu lililojaa mchwa, ambalo ndilo lingeondolewa, halimfai. Anataka lile nene, zima, lililobeba nusu ya mti. Kwa hiyo anakata kichwa chote na kuacha visiki vinatazama mbinguni, halafu anamwambia mama wa nyumba kwamba sasa mti hauna hatari.

Najua tulikolitoa jambo hili. Kule Mlima Kenya mgrevilea wa mpakani mwa shamba hupunguzwa matawi yote ukabaki kama mlingoti, na baada ya mvua unachipua tena. Mkaratusi nao ukikatwa chini huota upya. Tukaja mjini tukidhani kila mti ni mgrevilea.

Februari niliitwa Kileleshwa kuangalia jakaranda iliyokatwa kichwa miaka minne kabla. "Tuliukata usituangukie," mama mwenye nyumba akaniambia, "na tangu hapo ndio unaangusha matawi." Nikafunga kamba, nikapanda. Kila kisiki kilikuwa kimeota machipukizi mengi yamesongamana kama ufagio, mengine mazito kama mkono wangu. Nikashika moja, nikalivuta kwa mkono mmoja tu. Likabanduka na ganda lake. Chini yake mbao ilikuwa imegeuka unga wa kahawia wenye maji, wa kuchotwa kwa kijiko.

Mti hauponi kidonda jinsi ngozi yetu inavyopona. Mbao iliyojeruhiwa haifufuki. Mti huizungushia ukuta kwa ndani, kisha hukuza mbao mpya kwa nje. Mmarekani Alex Shigo, mtafiti wa magonjwa ya miti, alipasua miti mingi kwa msumeno ili kuonyesha hilo. Kidonda kidogo hufunikwa mapema. Kisiki kinene kama ndoo huoza kabla ya kufunikwa, na chipukizi linaloota pembeni yake limeshikwa na mbao changa ya juujuu tu. Linarefuka haraka kwa sababu mti umenyang'anywa majani yote na una njaa. Miaka michache baadaye urefu umerudi palepale, ila sasa mti umejaa matawi yasiyo na mshiko.

Kukata vizuri kuna adabu yake. Tazama tawi linapotoka kwenye shina: pana uvimbe kama pete. Huo usiuguse, ndio utakaofunika kidonda. Tawi likiwa zito, kwanza nalichanja kwa chini, mbali kidogo na shina. Kisha nakata kwa juu, mbele zaidi ya ule mchanjo, lidondoke. Mwisho narudi kuondoa kipande kilichobaki, nje tu ya pete. Ukianza kwa juu peke yake, tawi linaning'inia na kuchuna ganda la shina hadi kiunoni. Na tafadhali, usinitume nipake kidonda rangi. Haizuii kuoza.

Mizizi sitaimaliza leo. Niseme tu kwamba mingi iko juujuu, ndani ya sentimita 60 za kwanza za udongo, na inaenda mbali kuliko kivuli cha mti. Anayechimba msingi wa kabro hadi kwenye shina anakata kamba zinazoushikilia mti. Utasimama kiangazi chote. Simu yangu italia Aprili, udongo ukishalowa.

Mwaka 2020, wakati barabara ya ekspresi inajengwa, mti mkubwa wa mugumo wa Waiyaki Way uliokolewa usikatwe, kwa amri ya rais. Nilishangilia kama wengine. Jakaranda ya nyuma ya nyumba haina rais. Ina mwenye ploti na hesabu zake, na hizo ndizo nataka zibadilike: nilipwe kwa siku, kwa kamba, kwa macho yangu. Nikilipwa hivyo sina sababu ya kukata hata kijiti kisichohitajika. (Kazi ya nyuki naitoza kando. Niliwahi kuwakuta ndani ya pango la mti, mita kumi juu, nikiwa nimefungwa kamba kiunoni.)

Ile ya Kileleshwa ilinichukua siku mbili. Huwezi kuirudishia kichwa chake; unachagua katika kila ufagio chipukizi mbili au tatu zenye mshiko, unapunguza nyingine, na unarudi mwakani, na mwaka wa pili. Nilipoteremka mama alitazama rundo lililokuwa chini, kisha akanitazama mimi.

"Fundi, siku mbili, ni haka tu?"

"Ndiyo, mama."

Akahesabu hela polepole sana, lakini akalipa. Mlinzi alizifunga fito zote kwenye keria ya baiskeli yake, zikaenea.