Ndege ya Miguu Sita

Ukimwambia mtu wewe ni rubani, akili yake inapaa palepale: miwani myeusi, mistari ya dhahabu mabegani, jua linazama dirishani kama picha ya kalenda. Hakuna anayekuwazia umeinama chini ya tumbo la ndege alfajiri, mvua inakuchapa kisogoni, tochi umeibana kwapani, unachungulia matairi kama mtu aliyedondosha hereni. Hiyo nayo ni kazi yetu. Aibu yangu kubwa kuliko zote sikuipatia angani. Niliipatia hapo chini, injini zimezimwa.

Nilikuwa rubani msaidizi mbichi kabisa, mistari mitatu mabegani. Kapteni ana minne, na huo mmoja unaozidi, jamani, una uzito wake. Kabla ya kuruka, mmoja wetu lazima ashuke aizunguke ndege kwa miguu na kuikagua kwa macho. Siku hiyo kapteni ndiye aliyekuwa anarusha. Redio, makaratasi na mvua vikawa vyangu.

Niseme ukweli, kazi hiyo niliipenda kupita kiasi. Chuoni tulisimuliwa habari ya Boeing 757 iliyoruka usiku kutoka Lima, Peru, Oktoba 1996. Ilikuwa imesafishwa, na waliosafisha wakasahau kubandua utepe waliozibia vitundu vya pembeni, vile vinavyopima kanieneo ya hewa ili rubani ajue yuko juu kiasi gani na anakwenda kasi gani. Ukaguzi wa kabla ya safari haukuuona. Huko juu ya bahari, gizani, vipimo vikawa vinadanganya, na watu wote 70 wakapoteza maisha. Tangu niisikie hadithi hiyo, mimi nikawa naikagua ndege kama mama mkwe aliyekuja kutazama jiko la bibi harusi. Napitisha kidole. Nanusa.

Basi nikashuka ngazi, kofia ya koti la mvua imenifunika mpaka nyusi. Hatua chache mbele, lori la mafuta limeziba njia. Nikalizunguka. Nilipotokea upande wa pili nikaiona pua ya ndege, nikaanza kazi.

Ambacho sikukiona ni kwamba pua zilikuwa mbili. Ndege mbili za kampuni moja, aina moja, rangi moja, zimelala ubavu kwa ubavu kama pacha kitandani. Mimi nikawa nimemshika yule pacha mwingine.

Dalili zilikuwepo, tena tele. Pale hapakuwa na mtu hata mmoja. Taa za ndani zimezimwa. Mizigo haipakiwi. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza abiria 150 wamekwenda wapi. Mimi nikajisemea, "Leo wako kimya, safi sana, hakuna wa kunisumbua."

Nikafika mguu wa mbele. Nikamulika tairi la kushoto, nusura nipige kelele: limechanika, na ndani ya ule mpasuko nyuzi zinaonekana. Tairi la ndege kama hiyo hujazwa naitrojeni kwa kanieneo mara sita hivi ya tairi la gari dogo, kwa hiyo nyuzi zikichungulia nje si jambo la kusema tutaliangalia tukirudi. Nikalimulika tena. Nikaligusa. Nakiri kwamba nilifurahi. Wiki ya tatu kazini, nimeshaokoa maisha ya watu!

Halafu nikaona kitu kingine. Kwenye mguu huohuo unaning'inia utepe mwekundu, umelowa chapachapa, umeandikwa kwamba uondolewe kabla ya kuruka. Ni wa pini. Ndege ikilazwa, au ikivutwa na trekta, kila mguu huchomekwa pini ya chuma ili usijikunje. Mkiruka nazo, magurudumu hayaingii ndani, na mtarudi chini mbele ya watu mkiwa mnaning'iniza miguu kama kuku aliyebebwa. Nikaenda mguu wa kulia: pini. Wa kushoto: pini. Yaani fundi kasahau zote tatu!

Kuzichomoa ni kazi ya fundi, si yangu. Lakini ushujaa ukishampanda mtu kichwani haushuki kwa ngazi. Nikajinyoosha kwa ncha za vidole vya miguu, nikazichomoa zote, nikazitia mfukoni mwa koti, tepe zinaburuzika nyuma yangu kama mkia wa tiara. Nikapanda juu, kifua mbele.

"Kapteni, haturuki," nikasema. "Tairi la mbele limekwisha. Nyuzi nje."

Kapteni alikuwa mtu mzima, mpole, wa kusema maneno machache. Akaweka kikombe chake chini, akamwita fundi. Fundi akashuka mvuani. Dakika tano, karudi, maji yanamchuruzika kidevuni.

"Tairi la mbele nimelibadilisha mwenyewe jana usiku," akasema. "Bado linang'aa."

"Fundi, nimeliona kwa macho yangu haya mawili."

"Na mimi nimeliona kwa haya yangu."

"Umeangalia la kushoto?"

"Bwana mdogo, yako mawili tu. Nimeyaangalia yote."

Hapo ningenyamaza, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini niliona ananidharau, tena mbele ya kapteni na mhudumu aliyekuja kuuliza kama aanze kuingiza abiria. Nikaamua kummaliza.

"Sawa," nikasema, "la tairi tuliache. Na hizi je?" Nikaingiza mkono mfukoni, nikazitoa pini zote tatu na tepe zake, nikazibwaga pale katikati ya viti kama mwendesha mashtaka aliyeleta kisu chenye damu. "Zilikuwa bado kwenye miguu! Zote!"

Fundi akazitazama pini. Akanitazama mimi. Hakusema neno, ila uso wake ulianza kufanya kitu ambacho wakati ule nilidhani ni kujuta.

Kapteni akavuta pumzi. "Mwanangu," akasema taratibu, "ndege yetu hii ina miguu mingapi?"

"Mitatu, Kapteni."

"Na hapa umeniletea pini ngapi?"

"Tatu, Kapteni."

"Vizuri." Akageuka, akafungua kisanduku nyuma ya kiti chake, akatoa mfuko, akazipanga moja moja kando ya zile zangu. Moja. Mbili. Tatu. Kavu kabisa, tepe zimekunjwa vizuri. "Na hizi ni za nani?"

Nilihesabu. Wallahi nilihesabu, kama vile zingeweza kupungua. Sita. Kisha macho yangu yakajiendea yenyewe dirishani, yakavuka lori la mafuta, yakamwona yule pacha amelala gizani, na chini ya pua yake mtu mwenye kizibao cha kung'aa anamulika miguu ya ndege huku na huku, anajikuna kichwa.

Mhudumu aliwahi mlango. Kicheko chake tulikisikia kutoka jikoni.

Kurudisha pini nilikwenda mwenyewe, hakuna aliyenihurumia. Yule fundi wa pili alizipokea bila kuuliza. Tairi lao, nimtendee haki kijana yule niliyekuwa, lilikuwa limechanika kweli, wakalibadilisha, na kapteni wao alinipungia mkono kutoka mlangoni: "Ahsante kwa kutukagulia! Kesho upitie tena!"

Kisha nikaizunguka ndege yangu, ambayo mpaka dakika hiyo hakuna rubani aliyeigusa. Abiria walikuwa wameshakaa. Mtoto mmoja alibandika uso dirishani, akanifuata kwa macho dirisha hadi dirisha mpaka mkiani. Tuliondoka tumechelewa dakika 25, na kapteni akawatangazia abiria kwamba rubani msaidizi alikuwa anafanya "ukaguzi wa kina zaidi".

Njia nzima hakunigusia habari hiyo, nami nikaanza kuamini yamekwisha. Tukateremka, uwanja ukaonekana mbele, akaagiza magurudumu. Nikashusha mkono wa magurudumu, tukasikia mngurumo chini ya sakafu, na taa za kijani zikawaka moja baada ya nyingine, kila mguu na taa yake.

"Hesabu," akasema kapteni, macho yake mbele.

"Tatu za kijani."

"Una hakika si sita?"