Pua Inachagua, Nywele Zinalipa

Wengi wetu tukishika kopo la krimu ya nywele, jambo la kwanza ni kufungua kifuniko na kunusa. Tunavuta pumzi, tunafumba macho kidogo, tunasema "hii nzuri," na kopo linakwenda nyumbani. Maandishi ya nyuma hatujayasoma. Nimefanya hivyo kwa miaka mingi, na leo naamini kwamba kwa mwenye nywele za kipilipili hakuna njia mbaya zaidi ya kuchagua cha kupaka kichwani. Wala sisemi kama adui wa harufu. Nayapenda manukato kupita kiasi, na ni kwa sababu hiyo ninaandika.

Chukua asumini. Ua lake ni laini mno, halivumilii mvuke, ndiyo maana manukato yake hayakenekwi kama ya waridi bali huvutwa kwa vimiminika vinavyoyayeyusha. Ndani yake mna indoli, kemikali ambayo ikiwa nyingi na peke yake hunuka uozo, lakini ikiwa chembe tu ndiyo inayolifanya ua linukie kama kitu kilicho hai. Waridi nalo hudai tani 3 hadi 5 za petali kutoa kilo moja ya mafuta. Udi hutoka kwenye mti uliougua: mti mzima hauna harufu ile, mpaka ushambuliwe na ukungu ndipo utoe utomvu mzito wa kujikinga, na utomvu huo ndio tunaoutamani. Kipenzi changu kuliko vyote ni vetiva. Ni mizizi ya nyasi tu, lakini inanukia udongo uliopata mvua, yenye moshi kidogo na ukavu wa mbao. Nikijipulizia asubuhi, jioni bado nainusa mkononi.

Sasa fikiria vetiva hiyo ikikutana na krimu inayonukia vanila na peremende. Haipiti saa moja kabla ya kumezwa. Nywele ndizo zinazoshinda kila mara, kwa kuwa ziko karibu na pua na hazioshwi kila siku kama ngozi. Zina tabia ya kunasa harufu na kuiachia polepole. Aliyewahi kukaa karibu na moto wa kuni anajua moshi hubaki kichwani baada ya nguo kufuliwa. Harufu nyepesi, kama za maganda ya limau, huondoka ndani ya dakika chache. Nzito, kama miski, sandali na vanila, hukaa siku kadhaa. Kwa hiyo anayekuchagulia harufu ya krimu amekuchagulia harufu ya wiki nzima, na huyo si wewe, ni kiwanda.

Hilo ni suala la pua. La nywele zenyewe ni zito zaidi.

Unywele wa kipilipili hutoka kwenye kitundu kilichopinda ndani ya ngozi, na ukiukata na kuutazama kwa hadubini utaona haukuviringa kama uzi. Umebapa kidogo kama utepe. Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake kama vichwa vingine vyote, ila kwenye unywele ulionyooka mafuta huteleza hadi nchani, na kwenye uliojikunja hukwama kwenye mizunguko ya mwanzo. Ncha hubaki kavu. Tena kila kona ni mahali dhaifu: magamba madogo yanayofunika unywele huinuka pale unapopinda, maji hutoka kwa urahisi, na chanuo likivutwa kwa nguvu hapo ndipo unywele hukatika. Wanaosema nywele hizi "hazikui" wanakosea. Zinakua karibu sentimita 1 kwa mwezi. Ila zinajikunja, hata zikaonekana nusu ya urefu wake au pungufu ya hapo, na ncha zisipotunzwa zinakatika kwa kasi ileile zinayokulia.

Kinachohitajika, basi, ni maji, ulaini na kuzuia msuguano. Kati ya hivyo hakuna hata kimoja unachoweza kukinusa.

Mfano unaonikera hasa ni nazi. Mafuta ya nazi ni mazuri kweli kwa nywele. Asidi yake ya lauriki, moja ya vijenzi vya mafuta hayo, ina molekuli ndogo na iliyonyooka, hivyo hupenya ndani ya unywele badala ya kulala juu tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliyalinganisha na mafuta ya alizeti na mafuta ya madini, na ni ya nazi peke yake yaliyopunguza waziwazi upotevu wa protini kwenye nywele. Lakini ile harufu tamu ya nazi kwenye krimu mara nyingi hutokana na laktoni, kemikali ya manukato inayotengenezwa maabara, na kopo laweza kunukia nazi tupu bila kuwa na tone moja la mafuta yake. Kwa upande wa pili, mafuta ya nazi yaliyosafishwa hayana harufu karibu kabisa, ilhali yanafanya kazi. Pua hapo imedanganywa mara mbili. Soma orodha ya viungo: vinavyotangulia ndivyo vingi. Maji yakiwa ya kwanza na mafuta unayoyajua yakafuata mapema, kopo hilo lina jambo la kusema. Neno "parfum," yaani manukato, likitangulia mafuta yote, kopo lirudishe.

Na neno hilo moja huficha mengi. Chini yake zaweza kukaa kemikali kadhaa bila kutajwa. Umoja wa Ulaya ulianza kwa kulazimisha vinukio 26 vinavyojulikana kuleta mzio vitajwe kwa majina, na mwaka 2023 ukapitisha kanuni ya kuifikisha orodha hiyo zaidi ya 80. Miongoni mwao wamo linaloli na limoneni, zilizomo hata kwenye mafuta asilia ya maua na machungwa. Zikiwa mpya hazina shida kubwa. Zikikaa hewani muda mrefu hubadilika na kuanza kuwasha ngozi. Kopo la zamani linalofunguliwa kila siku si kopo lile ulilolinunua. Kwa hiyo siridhiki na hoja ya "lakini ni ya asili," maana ngozi haiulizi kitu kimetoka wapi.

Mimi kichwa kiliniwasha miezi mingi. Nilidhani ni mba, nikaosha zaidi, nikakausha zaidi, nikapaka zaidi ile krimu yenye harufu nzuri ili kutuliza. Nilipoiacha na kuhamia isiyo na manukato kabisa, baada ya wiki chache kimya. Tangu hapo nina sheria moja: kila kinachogusa ngozi ya kichwa changu kisiwe na manukato. Harufu nitaileta mwenyewe.

Ninavyozitunza ni hivi. Naosha mara moja kwa wiki kwa shampuu ya upole, vidole kwenye ngozi tu; povu linaloteremka linatosha kwa ncha. Kondishena napaka nyingi, nagawa nywele mafungu manne, nachana zikiwa zimelowa na zinateleza, kuanzia nchani kupanda juu, kamwe si kuanzia kwenye mizizi. Hapo sina haraka. Fundo nalifungua kwa vidole hata likichukua dakika tano, kwa sababu likikatwa na chanuo nimepoteza miezi. Zikiwa bado na maji napaka krimu nyepesi, kisha mafuta kidogo ya kufungia unyevu, halafu nasokota. Kukausha ni kwa kubonyeza na fulana ya pamba, si kusugua na taulo. Usiku, satini. Pasi ya nywele nimeiacha. Joto lake huvunja ndani ya unywele vitu ambavyo krimu yoyote haiwezi kuvirudisha.

Kuna onyo moja ambalo hueleweka vibaya. Watu wameambiwa wakimbie alkoholi, wakaanza kutupa kondishena nzuri kwa kuwa imeandikwa setili au setearili. Hizo ni alkoholi za mafuta, zinalainisha, zibaki. Ya kuchunga ni ile nyepesi inayoruka hewani, na marashi mengi ya chupa ni hiyo kwa sehemu kubwa, mara nyingi asilimia 70 hadi 90. Tone moja siku ya sherehe halitaua nywele za mtu. Kupulizia ncha kila asubuhi, ncha ambazo tayari zina kiu, ndiko ninakokupinga.

Hivyo marashi yangu hayapuliziwi nywele. Napulizia kisogoni, kwenye ngozi chini ya mstari wa nywele, ili joto la mwili liyapandishe taratibu. Napulizia kitambaa cha satini, nakiacha kikauke kabisa, ndipo nakifunga kichwani usiku. Zikihitaji kuamshwa katikati ya wiki, natumia maji ya waridi yaliyokenekwa, mvuke mwembamba tu. Na nikitaka harufu ikae kwenye nywele zenyewe, naichanganya na mafuta: matone 6 ya mafuta ya vetiva katika mililita 30 za mafuta yasiyo na harufu, kama asilimia 1, na najaribu kwanza ndani ya kiwiko kwa siku mbili. Napaka urefuni na nchani, ngozi siigusi. Bergamoti, mafuta ya ganda la tunda la jamii ya machungwa, ikiwa imekamuliwa baridi siiweki kabisa, hata kama naipenda, kwa kuwa ina kemikali inayoifanya ngozi iungue juani, na njia za kichwa changu ziko wazi juani kila siku.

Nilizisokota Jumapili nikiwa na mchanganyiko huo wa vetiva. Leo Jumatano nimezifumua, kamba moja baada ya nyingine, na kila niliyoifungua ilitoa harufu ya udongo uliolowa, hafifu, karibu sana. Aliyekaa kiti cha pili hakunusa chochote. Nilinusa mimi.