Ramani Haimwoni Kangomba

Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi huko Somanga na maeneo ya jirani wilayani Kilwa, sisi wa Mtwara na Lindi tulibaki kama kisiwani. Aliyelazimika kusafiri alizungukia Masasi, Tunduru, Songea hadi Makambako. Safari ya kilomita 560 hivi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ikawa zaidi ya 1,500.

Wanasayansi wanaochunguza mitandao, yaani vituo vyovyote na njia zinazoviunganisha, wana ubishi wa siku nyingi: kipi kinatawala, umbo la mtandao au mwendo wa vitu vinavyopita ndani yake? Somanga inawapa ushindi watu wa umbo. Mwaka 2000 Réka Albert, Hawoong Jeong na Albert-László Barabási walionyesha kwamba mtandao wenye vitovu vichache vikubwa, yaani vituo vilivyoungana na vingine vingi, huvumilia kupoteza vituo vyake ovyo ovyo, ila ukilenga vitovu vyenyewe husambaratika. Huhitaji kujua kama lori limebeba saruji au samaki. Tazama ramani, utajua pa kuumia.

Kwenye barabara nakubali. Kwenye korosho, hapana.

Mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza Mtwara msimu wa 2007/2008, biashara ilichorwa upya: mkulima anapeleka korosho AMCOS, chama cha msingi cha ushirika, zinakwenda ghalani, kisha chama kikuu, mathalani TANECU au MAMCU, kinazipeleka mnadani. Ukiitazama kwenye karatasi, njia ni moja. Lakini mtoto anadaiwa ada Julai, na minada huanza Oktoba hivi. Katikati hapo ndipo anapoingia kangomba, mlanguzi anayenunua korosho nje ya mfumo, na fedha mkononi, anapima kwa bakuli lake (kipimo ambacho hakijawahi kumpendelea mkulima), na baadaye korosho zile zile zinaingia AMCOS kwa jina la mwenye shamba. Mchoro haujabadilika hata mstari mmoja. Kumbe kuna uzi mpya, uzi wa deni, uliosokotwa na tofauti ya miezi mitatu tu.

Watu wa mwendo watashangilia, nao wana haki: Barabási huyo huyo na Albert walikwisha kueleza mwaka 1999 kwamba vitovu huzaliwa pale mtandao unapokua huku aliye na viungo vingi akizidi kuvutia vingine. Kangomba aliyekopesha kaya tano mwaka huu anajulikana kijiji kizima mwakani. Ila wasizidishe. Deni lenyewe linaota palipo na pengo kwenye umbo, kwa mkulima asiye na pengine pa kukopa Julai.

Mwaka 2018 serikali iliponunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ilihakiki mashamba kwanza: je, mikorosho ya huyu inaweza kutoa kilo alizoleta? Angalau mara moja mtu aliangalia mwendo badala ya ramani, na kama njia ya kumnasa kangomba naiona ya akili kuliko kuongeza mageti ya ghala. Tatizo ni kwamba uhakiki ulichukua muda. Wakulima ambao hawajawahi kushika bakuli la mtu walisubiri fedha zao, na mkulima anayesubiri fedha ndiye hasa kangomba anayemtafuta.