Waya wa HDMI wa laki moja, na pesa inayohitajika juu ya paa

Ukishalipia runinga Kariakoo, au Luthuli Avenue kwa walio Nairobi, kabla boksi halijafungwa kamba utaletewa nyaya mbili za HDMI, waya unaopeleka picha na sauti kutoka kwenye king'amuzi hadi kwenye runinga. Mmoja mweusi, mwembamba, tuseme wa shilingi elfu kumi za Tanzania. Mwingine umesukwa kwa nyuzi, vichwa vyake vinang'aa dhahabu, umeandikwa "8K" kwa herufi kubwa, na bei yake inapita laki moja. Kisha muuzaji atakwambia kwamba runinga nzuri kama hii ukiifungia waya wa bei rahisi, picha yake hutaiona.

Wanaomwamini muuzaji si wajinga. Wengi wetu tulianza na zile nyaya tatu, wa njano, mwekundu na mweupe. Siku king'amuzi cha HD kilipofungwa kwa HDMI, namba za jezi zikasomeka na nyasi za uwanja zikaonekana. Ni rahisi sana kutoka hapo ukiamini kwamba waya ndio ulioleta picha. Lakini kilichobadilika siku ile ni aina ya njia, wala hakikuhusu bei. Waya wa njano hupitisha picha ya analogia, yaani mawimbi ya umeme badala ya namba, ya mistari 576, rangi na mwanga vikiwa vimechanganywa kwenye mshipa mmoja. HDMI hupitisha namba, na namba hizo ni za picha yenye mistari 1,080.

Tena kwenye analogia unene wa waya una maana kweli. Miaka ya mwisho ya 1970 huko California, Noel Lee alianzisha kampuni ya Monster kwa kuuza nyaya nene za spika, na kwa spika msingi wa hoja upo: waya mwembamba ukivutwa mita nyingi hula sehemu ya nguvu inayotoka kwenye amplifaya. Biashara ile ilifanikiwa, ikaenea hadi kwenye nyaya za picha, na ilipofika kwenye HDMI maelezo ya dukani yakabaki yale yale ingawa kilichomo ndani ya waya si kile tena.

Kuna kosa moja la msingi hapa. Waya wa HDMI hauwezi kufanya weusi uwe mweusi zaidi, wala kuongeza rangi, wala kunoa uso wa mchezaji. Ujumbe wa muamala ukiingia kwenye simu ya kitochi au kwenye simu ya milioni mbili, kiasi kilichotumwa ni kile kile. Namba zikifika sawasawa, picha ni ile ile nukta kwa nukta. Zisipofika sawasawa, huhitaji jicho la kitaalamu kugundua: utaona vidoti vinavyometameta kama cheche, au kioo kinakuwa cheusi kwa sekunde mbili kisha kinarudi, au maandishi ya kwamba hakuna ishara. Waya mbovu hautoi picha iliyopauka kidogo. Mtu akikwambia rangi zimekolea baada ya kubadilisha waya, mwulize kama hakugusa na mpangilio wa picha kwenye rimoti.

Sasa tuangalie kiasi cha namba zenyewe, maana hapa ndipo mnunuzi anapobebeshwa mzigo asiouhitaji. King'amuzi cha HD, kiwe cha DStv au cha Azam, kikitoa picha ya 1080i, ile ya mistari 1,080, hupitisha kwenye HDMI kama gigabiti 2.2 kwa sekunde (gigabiti moja ni tarakimu bilioni moja za sifuri na moja). Hiyo ndiyo kazi yote ya waya katika sebule nyingi za Afrika Mashariki. Toleo la kwanza kabisa la HDMI, lililotangazwa Desemba 2002, lilipangiwa gigabiti 4.95. Nyaya za daraja la kasi zilizokuja baadaye hupimwa kwa gigabiti 10.2, daraja lililo juu yake 18, na lile lililokuja na toleo la 2.1 la mwaka 2017 hubeba 48. Kwa hiyo anayenunua waya wa 48 kwa ajili ya king'amuzi chake ananunua barabara pana zaidi ya mara 20 kuliko gari alilonalo. Hata waya wa elfu kumi, ukiwa mzima na urefu wake haupiti mita mbili, unapitisha 2.2 bila kutoka jasho.

Na hizo 2.2 zenyewe zisikudanganye. Kabla ya kufika kwenye king'amuzi, chaneli ya HD ilishuka kutoka setilaiti ikiwa imebanwa hadi megabiti chache tu kwa sekunde, na megabiti ni sehemu ya elfu ya gigabiti. King'amuzi ndicho kinachoifumua, na baada ya kufumuliwa ndipo inakuwa gigabiti. Ukungu unaouona mpira unapokwenda kasi, ile miraba midogo kwenye nyasi kamera inapogeuka ghafla, vilitokea wakati wa kubanwa, mbali na sebule yako. Kilichotupwa pale hakirudishwi na dhahabu ya kwenye pini. Nalirudia hili kwa makusudi, kwa sababu wengi wanaouziwa waya wa laki wanalalamikia tatizo hili hasa, na wanarudi nyumbani nalo vile vile.

Kuna jambo jingine ambalo sijawahi kulisikia likitajwa dukani. Ukitazama Netflix au YouTube kwa programu zilizomo ndani ya runinga, HDMI haitumiki kabisa. Picha huingia kwa Wi-Fi au kwa waya wa intaneti na kufumuliwa ndani ya runinga yenyewe. Netflix hupendekeza intaneti ya megabiti 15 kwa sekunde kwa filamu za 4K, zenye nukta mara nne ya picha ya mistari 1,080. Kama kifurushi chako kinatoa nne, hapo ndipo pa kuongeza pesa. Na zile video za samaki na maua zinazochezwa dukani kukuonyesha ubora? Mara nyingi zinatoka kwenye flashi iliyochomekwa nyuma ya runinga, runinga yenyewe ikiwa imewekwa kwenye mpangilio wa duka, mwanga juu kabisa.

Haya, wanaotetea nyaya ghali wana sehemu zao za haki, na ni vizuri zitajwe.

Ya kwanza ni urefu. Mwenye baa au kibanda umiza mwenye king'amuzi kaunta na runinga mita 15 au 20 kutoka hapo, hawezi kutegemea waya mwembamba wa dukani. Kadiri waya unavyorefuka ndivyo namba zinavyochakaa njiani, na picha ya 4K huanza kukatika mapema zaidi kuliko ya HD. Kwa umbali huo kuna nyaya zenye kikuza ishara ndani na nyingine za nyuzi za kioo, na bei yake ina sababu. Ukumbi wa kanisa wenye projekta mwisho wa jengo uko katika hali hiyo hiyo.

Ya pili ni michezo ya video. PlayStation 5 ikitoa 4K ya picha 120 kwa sekunde inahitaji waya wa daraja la juu, na waya huo umo ndani ya boksi lake. Ukipotea, nunua ulioandikwa Ultra High Speed wenye lebo ya uthibitisho yenye msimbo wa kuskani kwa simu. Usihangaike na namba ya toleo iliyochapwa kwenye pakiti, kwa sababu wasimamizi wa kiwango cha HDMI hawaruhusu nyaya ziuzwe kwa namba ya toleo. Waya uliothibitishwa si lazima uwe ghali, na waya ghali si lazima uwe umethibitishwa.

Ya tatu inatuhusu sisi wa pwani. Hewa ya chumvi ya Tanga, Mombasa na Unguja hula chuma, na dhahabu haishiki kutu. Hilo ni kweli tupu. Ila utando wa dhahabu kwenye pini ni mwembamba mno, gharama yake ni ndogo, na nyaya nyingi za bei nafuu nazo zimepakwa. Na anayepitisha waya ndani ya ukuta kabla ya kupiga plasta, huyo anunue ulio imara, kwa sababu kuubadilisha ni kubomoa.

Ukiziangalia sababu hizo utaona zote zinahusu umbali, kasi au uimara. Hakuna hata moja inayohusu uzuri wa picha, na uzuri wa picha ndio unaouzwa kaunta.

Basi laki ile iende wapi? Kwanza kwenye kioo chenyewe. Pima umbali kutoka kochi hadi ukutani kabla hujatoka nyumbani. Jicho lenye afya hutenganisha nukta mbili zikiachana kwa pembe ya sehemu ya 60 ya digrii. Kwa runinga ya inchi 43 yenye mistari 1,080, maana yake ni kwamba ukikaa mbali zaidi ya mita 1.7 hivi huwezi kuziona nukta zake. Sebule nyingi zina mita mbili na nusu au tatu. Kwa hiyo kwenye inchi 43, ukikaa umbali huo, tofauti ya Full HD (mistari 1,080) na 4K jicho halitaigundua, lakini tofauti ya inchi 43 na inchi 50 kila mtu ataiona tangu mlangoni. Laki moja ikiongezwa kwenye bajeti inakusogeza karibu na saizi hiyo.

Aina ya kioo nayo ina uzito kuliko maandishi ya kwenye boksi. Runinga inayoitwa LED ni LCD, kioo kisichojitolea mwanga, chenye taa za LED nyuma yake, na QLED nayo ni LCD iliyoboreshwa rangi. Ndani ya LCD kuna vioo vya VA na vya IPS. VA hutoa weusi mzito, kwa kawaida uwiano wa mwanga na giza wa 3,000 kwa 1 au zaidi, wakati IPS huwa karibu 1,000 kwa 1. Lakini VA ukiitazama kutoka pembeni inapauka. Nyumba inayojaza watu siku ya mechi, wengine kwenye mkeka na wengine kwenye viti vya pembeni kabisa, itafurahia IPS. Anayetazama filamu usiku akiwa mbele ya kioo achague VA. Dukani omba waondoe mpangilio wa duka, wacheze kitu chenye giza, kisha simama pembeni. OLED huzishinda zote kwa weusi kwa sababu kila nukta hujiwashia mwanga wake, ila nembo ya chaneli ikikaa pale pale saa nyingi kila siku, kwa miaka, inaweza kuacha alama.

Pili, kinga ya umeme. Umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika unaweza kuua ubao wa umeme wa runinga. Kinga ya runinga hukata umeme ukizidi au ukipungua mno, kisha husubiri dakika kadhaa utulie kabla ya kuruhusu. Mtu anayelipia waya uliosukwa na kuchomeka runinga moja kwa moja ukutani amekosea mpangilio wa mahitaji yake.

Tatu ni paa. Kama kuna waya ndani ya nyumba yako ambao ubora wake unaamua kama utaona mechi au la, ni ule unaotoka kwenye dishi, na huo ndio watu wanaoubania bei. Ishara ya LNB, kile kichwa kinachopokea mawimbi mbele ya dishi, hushuka kwa masafa ya megahezi 950 hadi 2,150, na kwenye ncha ya juu hata waya mzuri wa dishi, ule wa aina ya RG6, hupoteza karibu nusu ya nguvu kila mita 10. Zaidi ya hapo, waya huo huo unapandisha umeme wa kulisha LNB: volti 13 kwa kundi moja la chaneli na volti 18 kwa kundi jingine. Waya ukiwa mrefu na msingi wake, yaani uzi wa katikati, ni chuma kilichopakwa shaba, volti 18 zinaweza kufika juu zikiwa zimepungua, na hapo nusu ya chaneli zinapotea huku nyingine zikionyesha vizuri kabisa. Fundi atageuza dishi asubuhi nzima bila kupata kitu.

Peleka sumaku ndogo unapokwenda kununua. Ikinasa kwenye msingi wa waya, ni chuma. Kwa mita tano au kumi utafanya kazi, kwa sababu masafa ya juu hupita kwenye ngozi ya shaba, lakini kwa ghorofa ya tatu tafuta shaba tupu. Kisha mwambie fundi avifunge vichwa vya nje kwa utepe usiopitisha maji na auache waya uning'inie kidogo chini ya LNB kabla haujapanda, ili mvua idondokee hapo badala ya kutambaa hadi kwenye kiungo. Maji yakishaingia ndani ya waya hayatoki, kutu huanzia kwenye kichwa na kushuka polepole, na ukija msimu wa mvua ishara iliyokuwa inatosha kiangazi haitoshi tena.